Mwenye Shamba Anywe Kwanza

S.L.P. 61, Ziwa,
Eldoret.
Tarehe 2 Februari, 1986.

Mpendwa ndugu yangu Paul,

Pokea salamu nyingi kama mahindi ya mwaka huu, ambayo yamejaa ghala hadi paka amekosa pa kulala. U hali gani huko India? Masomo je? Pilipili yao umeizoea, au bado unalia mezani? Sisi ni wazima, na Baba ni mzima kabisa. Nimeanza na hilo kwa sababu binamu yetu Nderitu alikuandikia kwamba Baba ameanguka, kisha karatasi ikamwishia. Nderitu huyo! Keti nikueleze.

Ni kweli alianguka. Ilikuwa zamu yetu ya ngwatio, ile kazi ya kusaidiana shamba kwa shamba, na majirani kumi na wawili walikuja kutusaidia kupura mahindi. Unaijua Januari yetu: alfajiri meno yanagongana, saa sita jua linachoma utosi. Baba alitoka na lile koti lake zito pamoja na gambuti, na hakuvua chochote. Mimi nilijaza pipa maji, nikaliweka kivulini na vikombe vyake, nikarudi jikoni nikijisifu.

Sasa, unamjua Baba. Kwake mwenye shamba hanywi kabla ya wageni. Huo ni ulafi. Nao wageni, wakiongozwa na Mzee Kipyego wa ng'ambo ya ua, wana adabu yao: hakuna anayeweka fimbo chini wakati mwenye shamba bado anapiga. Basi Baba akawangoja wageni, wageni wakamngoja Baba. Tangu saa moja asubuhi hadi saa saba! Nilipoleta githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, maji hayakuwa yamepungua hata kikombe kimoja.

Kabla sijauliza, Baba aliyumba. Ngozi ilikuwa inawaka na hana jasho hata tone. Aliniita kwa jina la marehemu nyanya, akaniuliza kama wewe, Paul, umefunga ng'ombe. Kisha akaanguka juu ya magunzi. Ndugu yangu, niliogopa. Nilidhani hutamkuta.

Aliyemwokoa ni Mama Jemutai, mke wa Kipyego, yule aliyefanya kazi zahanati miaka mingi. Alituamuru tumbebe kivulini, akamvua koti na gambuti, akammwagia maji mwili mzima huku sisi tukimpepea kwa magunia. Watu walitaka kumnywesha papo hapo. Alikataa katakata mpaka Baba afumbue macho na ajue yuko wapi, asije akapaliwa. Ndipo akampa maji kidogo kidogo, yenye sukari na chumvi kiasi.

Neno la kwanza la Baba? "Wageni wamekunywa?"

"Aaai, Mzee! Si sisi tulikuwa tunangoja wewe!" Kipyego akasema.

Mama Jemutai aliwakemea wote, wazee wazima na mvi zao, hadi wakainamisha vichwa. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja. Tulimpeleka hospitalini, wakamlaza siku mbili, akarudi akiulalamikia uji wao, nikajua amepona.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Kipyego, na sheria imegeuzwa: mwenye shamba anywe kwanza, mbele ya watu wote, awe na kiu asiwe nayo. Baba hapuri tena mwaka huu. Kazi yake ni kugonga jembe kuukuu lililoning'inizwa kwenye mkalitusi. Likilia, fimbo chini na vikombe juu. Jua likikaza, analigonga tena na watu wote wanakwenda kivulini mpaka saa tisa. Utadhani mwalimu mkuu na kengele yake! Na bado tulimaliza mapema kuliko mwaka jana, tukiimba.

Mama anakusalimu sana. Wacera, mwanangu, ameota meno mawili na anamuuma Nderitu, ambaye pia anakusalimu. Mungu akuongoze katika masomo, akurudishe kwetu ukiwa na afya na bado unakula githeri.

Mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Warigia.

Baba amekaa hapa kando yangu, amenizuia kufunga bahasha. Ameniagiza nikuandikie kwamba yeye ameshakunywa, mbele yangu, kikombe kizima. Kwa hiyo weka kitabu chini, ndugu yangu, nawe unywe.