Bahasha ya Mzee Orval

S.L.P. 31,
Veldre, Minnesota.
9 Novemba 1986.

Mpendwa dada yangu Verna,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje, na jua la Arizona bado linakufaa? Sisi hatujambo. Leland ana kikohozi lakini kazini anakwenda. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne.

Dada, kimya changu ni cha aibu. Nakuandikia kabla hujasikia kwa Bernice, maana yeye ataongeza chumvi.

Mji unatia lami Mtaa wa Misonobari, na kila mwenye nyumba pale anatozwa sehemu ya gharama. Mimi ndiye karani, kwa hiyo ni mimi niliyepeleka posta barua za kuwaita watu waje kutoa malalamiko yao. Nikatia saini kiapo kwamba zote zimetumwa.

Siku ya kikao akasimama Mzee Orval Tveit, yule dereva wetu wa basi la shule, kofia mkononi. Nyumba yake iko kwenye kona, wamemtoza gharama za pande zote mbili. Akasema, "Barua sikuipata. Nimesikia leo mchana, dukani. Nipeni wiki moja tu nijitayarishe."

Meya akanigeukia. Nami, bila kufikiri, nikasema, "Mzee Orval, hebu kaangalie kwenye friji. Labda umeihifadhi pamoja na siagi."

Ukumbi mzima ulicheka. Naye akacheka kidogo, akaketi. Madiwani wakapiga kura, ikapita.

Siku nne baadaye nilimwaga garini mchuzi niliokuwa napeleka kwenye chakula cha pamoja kanisani. Nilipoinua zulia nifute, nikaiona bahasha yake chini ya kiti.

Sikusema. Niliogopa kile kiapo, nikajiambia kura imeshapita. Wiki tatu, dada! Katika wiki hizo binti yake Corliss, ambaye alikuwepo kikaoni, alimnyang'anya baba yake funguo za gari, akampeleka kwa daktari akapimwe akili. Tulikutana dukani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Marlys, asante kwa kulichukua kwa utani. Mwingine angemkaripia baba."

Nikamjibu, "Usijali." Hebu fikiria. Nilimjibu "Usijali."

Usiku huo sikula. Jumatatu iliyopita nikaenda kwenye kikao cha madiwani, nikaiweka bahasha mezani mbele ya watu wote, Orval na Corliss wakiwemo, kwa kuwa niliwaomba waje.

"Umeijua hii tangu lini?" meya akauliza.

"Wiki tatu."

Safari hii hakucheka mtu. Kura imefutwa, watu wataitwa upya. Barua yangu ya kujiuzulu wanayo, hawajanijibu.

Baadaye Mzee Orval akaja mezani kwangu. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema, "Kumbe kichwa changu ni kizima. Kila asubuhi nimekuwa nikiandika jina la marehemu mke wangu, nione kama bado nalikumbuka."

Kisha akanishika mkono akanishukuru. Alinishukuru, dada! Corliss alikuwa nyuma yake, akitazama ukutani.

Nisalimie shemeji Clifford, Joyce na watoto wake. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake. Ukiwa na la kunikemea, nikemee, ila usiache kuniandikia.

Mdogo wako anayekupenda sana,
Marlys