Jina la Bi Pili kwenye Kopo

Jumatatu, 3 Februari

Nimetwanga liwa, ule mti wa kunukia, tangu asubuhi, bega linauma. Fomu ya usajili bado iko mezani. Wanataka majina matatu ya biashara, wapitishe moja lisilo na mwenyewe. Nimejaribu Lulu: lipo. Asumini: yapo manne. Singo ya Zuhura nimeifuta mwenyewe. Nani ananijua mimi Zuhura? Singo inasuguliwa mwili mzima wa bibi harusi. Hainunuliwi kwa mtu asiyejulikana.

Anayejulikana ni Bi Pili.

Jumatano, 5 Februari

Nimeliandika. Singo ya Bi Pili.

Karani akauliza, "Bi Pili ndo nani?"

Nikasema, "Mimi. Jina la nyumbani."

Akagonga muhuri. Nimedanganya mchana kweupe, kitambulisho changu mkononi mwake.

Bi Pili ni somo wangu. Ndiye aliyenifunda nilipoolewa, na singo nimejifunza kwenye kinu chake. Anakaa Mtoni, na kutoka mtaa wetu wa Malindi hata nusu saa haifiki. Ningekwenda kumwomba. Sikwenda kwa sababu angeweza kukataa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Jumatano, 12 Februari

Cheti kimetoka. Nimekitia kabatini chini ya kanga. Watu hutundika ukutani.

Jumamosi, 15 Februari

Makopo thelathini. Shaaban hii harusi zimepandana, kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani. Kinu kimoja Somo hutia karafuu saba tu, anazihesabu kwa kidole. Mimi nimetia mafuta ya makonyo, yale makali ya vikonyo vya karafuu, ili kopo linukie hata halijafunguliwa. Nilijua sivyo. Nikakoroga.

Jumanne, 18 Februari

Mama mmoja wa Bububu kachukua makopo mawili ya mpwa wake anayeolewa. Alisoma lebo, akasema, "Maadamu ya Bi Pili, sina wasiwasi." Nilifurahi. Naandika hili nisije nikajifanya sikufurahi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekwenda Mtoni kumjulia hali Somo, kama kila Ijumaa. Kinu chake kimepinduliwa uani, kimefunikwa gunia. Nikamuuliza kulikoni.

Jana alikuja mama wa Bububu na ugomvi wake. Bibi harusi kaungua kifuani, ngozi nyekundu, harusi Jumapili. Alimletea kopo tupu. Somo hasomi herufi zetu, anasoma za Kiarabu tu. Kaambiwa jina lake limeandikwa, akakubali kuwa ni yake. Kaomba radhi.

"Mwanangu, hata huyo bibi harusi simkumbuki," akaniambia. "Wala hayo makopo. Nshaanza kusahau. Mama yangu alianza hivi hivi, mwisho akawa hanijui. Sitwangi tena."

Kopo lilikuwa dirishani, juu ya kichwa chake. Nilinywa chai. Nikasema watu wa Bububu wana maneno. Nikaaga.

Mimi ni mtu mbaya. Si maneno ya hasira, ni hali ilivyo.

Jumamosi, 22 Februari

Sikula. Mume wangu kauliza kama naumwa, nikasema meno. Uongo mwingine.

Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu imeishia Mtoni, mlangoni kwa kikongwe anayeogopa akili zake.

Jumapili, 23 Februari

Nimemwambia. Yote: jina, karani, cheti, makonyo. Nilikaa chini sakafuni, yeye kitandani. Nilitaka anitukane, nilikuwa tayari kabisa.

Alishika kichwa chake kwa mikono miwili, akalia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe akili zangu nnazo."

Akashukuru Mungu mara tatu, mimi nikiwa pale pale miguuni pake. Kofi lingekuwa rahisi.

Halafu akavaa buibui, tukaenda Bububu. Nyumba imejaa wageni wa harusi. Nilisema mbele ya yule mama na majirani kuwa singo ilikuwa yangu, jina nililiiba. Bibi harusi kafungwa kanga hadi shingoni, hakunitazama.

Jumatano, 26 Februari

Nimefuta jina ofisini. Karani yule yule. Akauliza naandika jina gani badala yake. Nikasema nitarudi.

Nimebandua lebo zote. Gundi haitoki.

Alasiri nilikwenda Mtoni. Shikamoo yangu aliiitikia, marahaba ndogo. Kinu kimeinuliwa tena. Kanipa mchi, nikatwanga, yeye akichambua mawaridi.

Baadaye akauliza, "Na jina?"

"Bado, Somo."

"Tia lako. Singo ikiwasha, waje kwako."

Akanihesabia karafuu saba kiganjani. Nilipotaka kuzitia kinuni akanishika mkono, akaufungua, akazihesabu tena.