Gunia la Majani kutoka Mgeta

Mgeta, 14 Januari 2024

Mwanangu Sabra,

Hujambo? Kifua je? Sisi wazima, ila goti langu linagoma nikishuka shamba la kabichi. Nakuandikia kwa mkono maana mtandao mpaka nipande jabalini, na nikisikia sauti yako nalia tu mpaka vocha inaisha.

Mwanangu, mtu wa milimani unafanya nini ndani ya bahari? Kuogelea kwenyewe umejifunzia ukubwani. Eti unamlindia kobe chakula! Huku kobe anajitafutia mwenyewe. Shangazi yako Raya kaniuliza, nikamjibu uko ofisini. Rudi, mwanangu.

Ni mimi mama yako.

Kilwa, 3 Februari 2024

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona. Goti lichue na yale mafuta ya nazi.

Huyu kasa, mama, anakula majani yanayoota chini ya bahari. Nyavu za kukokota zimeyang'oa. Wavuvi wamekubali kupumzisha kipande kimoja cha bahari tupande upya, mpaka mkutano wa baada ya Idi. Yakishika, kipande hakitavuliwa tena. Yasiposhika, nyavu zinarudi. Na hayashiki. Tunapanda leo, kesho mkondo umeyabeba.

Nakuahidi, yakishindikana narudi tulime wote.

Mwanao, Sabra.

Mgeta, 17 Februari 2024

Mwanangu Sabra,

Unakula lakini? Goti lina nafuu.

Kumbe shida ni majani! Si ungesema mapema? Nimekukatia yale tunayopanda kwenye kingo za matuta, gunia zima. Mwinshehe wa lori la mboga atalifikisha Dar, lije huko kwa basi. Kila shina nimelifunga kwenye kigingi cha mwanzi, kama alivyofanya babu yako mwaka ule wa maporomoko ya udongo. Usichomeke wima, utachomeka bure. Kilaze, kichwa kielekee maji yanakotoka.

Na kwa sababu ya hiyo chumvi, yamwagie kwanza maji ya kisima.

Mama yako.

Kilwa, 28 Aprili 2024

Mama, shikamoo. Nisamehe kimya hiki, kila maji yakipwa mimi niko huko.

Mama, majani yako ni ya nchi kavu! Kwenye chumvi hayamalizi siku mbili. Mbuzi wa mwenye nyumba wameyala yote, na sasa wakiniona wananifuata.

Lakini vigingi vyako! Mzee Halidi, mkubwa wa wavuvi, alivigeuzageuza mkononi akasema, "Huyu mama yako anajua kitu." Tukafunga majani ya bahari, tukalaza vigingi kama ulivyosema. Asubuhi yapo. Wiki ya tatu yakachipua. Mkutanoni Mzee Halidi akanyanyua kigingi kimoja: "Hapa nyavu hazipiti tena." Hakuna aliyembishia.

Na jana, mama, nimemwona kasa. Kainamisha kichwa, anakula taratibu, hana habari na mimi.

Kwa hiyo sirudi sasa. Umekasirika?

Mwanao, Sabra.

Mgeta, 7 Mei 2024

Mwanangu Sabra,

Hatujambo, na goti linatembea. Barua nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea Raya. Kasema, "Kumbe ofisini kwa Sabra kuna samaki!"

Nikwambie ukweli. Siku ile nachonga vigingi nilijua yakishika hutarudi. Nikakaa kizingitini na kisu mkononi, nikawaza, nichonge vibovu? Mkono ukakataa. Mkono huu haujui kuchonga kigingi kisichoshika.

Sasa pana gunia jingine mlangoni. Vigingi mia nne, majani sikutia hata jani moja. Safari hii gunia halisafiri peke yake, Mwinshehe kaniwekea nafasi ya mbele kwa dereva, nami huko Dar nitapanda basi nalo. Nitafutie pa kulala ambapo dirisha halitazami maji. Huyo kobe wako mwambie ale polepole, nataka nimkute mezani.

Mama yako, niko njiani.