Pikapu Niliyoitia Kufuli

Kambi ya barabara,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa upande wa jua nyuma ya nyumba, magoti yakiwa yametulia. Mkaza mjomba naye hajambo? Nilipoondoka kifua kilikuwa kinambana. Kama bado, tafadhali msimwachie kazi za jikoni peke yake, moshi haumfai. Mimi ni mzima wa afya, ukiacha mgongo. Mimi na huo mgongo tumekuwa kama mke na mume waliogombana: tunalala kitanda kimoja, hatusemeshani.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu na masikio yako havipatani. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za oili, ukanijibu habari za mvua, ukakata simu umeridhika kabisa. Injini ulizokuwa unazisikiliza zimeondoka na masikio yako, lakini macho najua bado unayo. Basi soma polepole. Nina shida ya injini, na hapa hakuna mtu wa kumwuliza nikaamini jibu lake.

Nianze na jema, maana jema lilikuwepo. Dereva wa kambi yetu, yule tuliyekuwa tunamwita Kitambi, aliacha kazi akaenda kufuga kuku kwa wakwe zake. Bosi akauliza nani ana leseni. Nikanyoosha mkono. Ile leseni uliyonisukuma niitafute, nami nikakununia, ndiyo iliyonitoa kwenye toroli la kokoto. Bosi alikuwa anasafiri. Akasema nishike pikapu mpaka atakaporudi. Akiikuta inakwenda vizuri ataniandika kuwa dereva. Akiikuta vingine, toroli langu lipo palepale.

Wewe unajua uzito wa maneno hayo. Asubuhi siku hizi sinyanyuki kitandani bila kushika fremu ya mlango kwanza. Mtu wa umri wangu anayesukuma kokoto hana safari ndefu mbele yake. Kwenye kiti cha dereva ningeweza kuwafikisha watoto kule tunakotaka wafike. Kwenye toroli sidhani.

Niliitunza pikapu ile kama yai. Alfajiri napeleka waashi na mapipa ya maji ya kunywa kule juu machimboni, nikirudi nabeba saruji, mchana chakula, na mgonjwa akipatikana namkimbiza zahanati. Nilikuta vijana wa bwenini wana mchezo wa kuchomoa betri jioni wakachajie simu. Nikakomesha. Boneti nikaitia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikatangaza kambi nzima, mpaka kwa mlinzi wetu Babu Kikohozi, kwamba atakayegusa gari hili tutaonana wabaya. Waashi wakanipa cheo, Waziri wa Boneti. Sitakuficha, cheo nilikipenda.

Usije ukasema sikuangalia maji. Kila asubuhi nilifungua kufuli, nikachomoa kijiti cha oili, nikatazama kile kichupa cha plastiki cha akiba ya maji. Maji yalikuwa kwenye mstari. Kesho yake kwenye mstari, keshokutwa kwenye mstari, hayapungui hata tone. Nikasema moyoni, kumbe Kitambi aliiacha nzima. Nakuona unavyotikisa kichwa, Mjomba. Fundi wa hapa alitikisa hivyohivyo.

Alhamisi nilikuwa napanda kilima cha machimbo, waashi nyuma pamoja na mapipa. Mshale wa joto, ambao siku zote hulala katikati, ukaanza kupanda. Ulipanda kwa haraka mpaka kwenye nyekundu. Nikawa natafuta pa kuegesha, maana pale njia ni nyembamba na upande mmoja ni korongo. Kabla sijapapata nikasikia kishindo chini, nikadhani nimerusha jiwe. Mara mshale ukaanguka. Ukaenda chini kabisa, kwenye baridi.

Nikamshukuru Mungu, nikaongeza mwendo.

Fundi amenieleza baadaye kwamba maji yakishatoka yote, kile kipimo hubaki hewani, hakina cha kupima, ndiyo maana kinasema baridi. Kwa hiyo pale niliposhukuru, nilikuwa nashukuru msiba.

Haikuchukua muda nguvu zikaisha. Mvuke ukafunika kioo, na harufu ikaja, ile ya mpira na chuma ambayo ulikuwa ukirudi nayo nyumbani kwenye nguo. Nilipofungua boneti nikakuta mpira wa chini wa rejeta umepasuka kwa urefu, na nyuma yetu barabarani mstari wa maji ya rangi ya kutu unateremka mpaka kwenye kona. Waashi wakashuka. Mmoja wao, mtani wangu, akatazama injini, akatazama mapipa, akasema:

"Waziri, mnyama wako anakufa kwa kiu na wewe umempakia mto mgongoni."

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, maana ni kweli. Nilikuwa na maji ya kunywesha watu mia, na injini inaungua hatua tatu mbele yake.

Sasa najua swali lako. Nilisubiri ipoe, lakini sikusubiri vya kutosha. Msimamizi wa machimbo alikuwa anapiga simu kila dakika, jua limeshapanda, waashi wameanza kusema watatembea. Nikaufunga ule mpira kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, nikachota ndoo kwenye pipa, nikamimina kwenye rejeta. Kitu kikalia ndani, mlio mdogo tu, kama glasi ukiitia chai ya moto. Nikawasha. Ikawaka, lakini inatetemeka kama mwenye homa, na nyuma inatoa moshi mweupe mzito ambao hautawanyiki. Ikajizima yenyewe. Trekta ndilo lililoturudisha kambini, watu wa njiani wanatupungia mkono kama maharusi.

Ijumaa akaja fundi, yule mwenye kibanda njia panda. Akachomoa kijiti: oili imeingia maji, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akajaza rejeta, tukaisukuma mpaka ikawaka, mapovu yakawa yanatoka mdomoni mwa rejeta mfululizo kama sufuria jikoni. Anasema gasketi ya hedi imeungua, na hedi yenyewe, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ama imepinda ama ina ufa. Hawezi kuapa mpaka aifungue. Pampu ya maji, anasema, imekuwa ikivuja kidogokidogo kwa muda mrefu, nasi tunaegesha juu ya kokoto, hakuna ambaye angeona tone. Na kifuniko cha rejeta mpira wake umekufa, hakivuti maji kutoka kwenye kile kichupa. Ndiyo maana kichupa kilikuwa kimejaa huku rejeta inakauka.

"Ulikuwa unachungulia mtungi wa jirani," akaniambia.

Nikamwuliza, kama inavuja siku nyingi, mbona haikumchemkia Kitambi? Akasema hilo nikamwulize Kitambi.

Sikuhitaji kumtafuta Kitambi. Jana alfajiri nilikuwa nimekaa kwenye bampa, boneti iko wazi, sina la kufanya ila kuitazama. Babu Kikohozi akaja anakohoa kama kawaida yake, mkononi ana debe. Alipoona boneti iko wazi akasimama.

"Umemfungua leo," akasema. "Nimpe?"

"Umpe nini, Babu?"

"Maji yake. Kitambi aliniachia hiyo kazi: huyu, kila alfajiri kabla hajawashwa, nimjaze kwa debe mpaka mdomoni. Ulipokuja ukanikataza kumgusa, ukamtia na kufuli. Nikasema basi, huyu kijana anamnywesha mwenyewe."

Mjomba, nilikosa pa kuweka uso. Babu hajawahi kuendesha hata baiskeli. Alidhani magari yote ndivyo yalivyo, kwamba gari linahitaji maji kila asubuhi kama ng'ombe. Hakuona cha ajabu wala cha kumwambia mtu. Na Kitambi, badala ya kumwambia bosi kwamba pampu imekwisha akaulizwa maswali, aliona ni rahisi zaidi kumpa mzee debe. Gari likaishi. Mpaka akaja mtu mwenye bidii.

Babu alipoelewa kilichotokea akakaa chini kwenye kokoto. Akaniomba nisimtaje. Bosi alishasema zaidi ya mara moja kwamba kambi inataka mlinzi mwenye mapafu. Akifukuzwa hapa hana pa kwenda. Mwanawe alimleta kazini, na mwanawe mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Nikamwambia tutaona.

Basi shida yangu ndiyo hii, Mjomba. Bosi anarudi wiki hii. Nataka uniambie: oili ikishakuwa maziwa hivyo, je, kuna namna hedi ikawa nzima, ikawa ni gasketi peke yake? Nikisikia hivyo kutoka kwako nitambana fundi aifungue kabla bosi hajafika, maana sasa hivi anasitasita, anaogopa akifungua lawama zitakuwa zake. Ukaguzi gani nimwambie afanye? Ulikuwa na ule wa kuweka rula juu ya hedi na kuchungulia mwanga chini yake, kuona kama imepinda. Nieleze vizuri, andika kwa

Jumatatu, saa ya mapumziko.

Mjomba, niliacha hapo juu kwa sababu bosi alifika. Hakungoja wiki. Alikuja na gari la mwenzake, bado na vumbi la safari, akaenda moja kwa moja mbele ya boneti. Walikwishampigia simu, sijui nani.

Nilijiandaa kwa makelele. Hakupiga. Alichovya kidole kwenye oili, akakitazama, akakipangusa kwenye tairi. Watu walikuwa wamejikusanya kwa mbali wakijifanya wanaanua nguo. Babu alikuwa nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakukohoa.

"Maji alikuwa anaangalia nani?" bosi akauliza.

Nilikuwa nimejitungia maneno usiku kucha. Nilitaka kueleza pampu, na kifuniko, na Kitambi. Lakini ukimtaja Kitambi lazima ufike kwenye debe, na ukifika kwenye debe umemfikia mzee.

"Mimi," nikasema.

"Na hukuona?"

"Sikuona."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Akanyoosha mkono nikampa ufunguo. Akasema leo saa moja niripoti kwenye kokoto, na kwamba dereva mwingine atakuja pamoja na injini nyingine, itakapopatikana. Basi. Hakunitukana. Angenitukana pengine ningejitetea.

Usinisifu kwa hilo. Sikumtetea mzee kwa ujasiri. Nilichoka tu, na jibu lile ndilo lililokuwa karibu. Babu hajanishukuru. Leo amepita njia ya nyuma ya stoo ili tusikutane, na ninamwelewa. Waashi nao wameacha kuniita Waziri, bila kuambizana, na hilo limeniuma kuliko nilivyofikiri. Asubuhi nimesukuma mpaka sasa hivi. Utanisamehe mwandiko.

Kwa hiyo yale ya rula na mwanga yaache, hayana kazi tena. Ila nibakizie swali moja. Kilichoiua ni ule mwendo wa kilimani, au ni ndoo yangu ya maji baridi? Fundi nimemwuliza, anasema yote ni mamoja. Si mamoja. La kilimani lilikuwa linanijia, nipende nisipende. Ile ndoo niliishika mimi, na ningekaa kivulini nusu saa zaidi labda leo tungekuwa tunabadilisha mpira na pampu tu. Wewe hujawahi kunipa jibu la kunipoza. Hata nilipokuwa mdogo nikakuuliza kama baba atapona, uliniambia hapana. Nijibu hivyohivyo.

Nisalimie mkaza mjomba sana. Mama mwambie nimekuandikia mambo ya magari matupu, atachoka kusikiliza kabla hajafika mahali pa kuuliza. Mke wangu nitamwandikia mwenyewe, nikishapata cha kumwandikia. Wajukuu zako wote wapigie busu, na yule mdogo mwambie asichezee vifaa vyako bila ruhusa.

Mungu akulindie macho hayo, maana ndiyo tuliyobakiwa nayo sote.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kungojea jibu lako.