Siku Uliyonichagulia ya Kuhesabu Watu

Mpendwa ndugu yangu Otieno,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu mama alikuwa ameketi karibu nami nilipoanza, akaniuliza nimekuitaje. Usidhani nimekusamehe. Simu zangu hupokei tangu siku ile ya ukumbini Homa Bay, na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Nakala ya pili nitaibandika kwenye mlango wa duka langu la kushona hapa Kisegi, kwa sababu jambo hili si langu na lako peke yetu.

Unaukumbuka ukuta wa jikoni? Mama alikuwa ameukandika asubuhi hiyo hiyo, udongo haujakauka, nawe ukaokota kipande cha mkaa ukachora mstari kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga. Mwanzoni ulichora nyumba yetu, mwishoni ukachora kitu chenye magurudumu sita. Mimi ndiye mkubwa, nilijua tutachapwa wote wawili. Mama akaingia kutoka sokoni, ametembea njia nzima na beseni la dagaa wa omena kichwani, akauliza hayo ni madude gani. Ukamwambia, "Ni basi, mama. Linaanzia hapa kwetu. Hutatembea tena." Alicheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo, kila anapoukandika ukuta ule, mkono wake unauzunguka mstari wako na kuuacha.

Ulipopata kazi katika ofisi inayopanga mabasi ya kuunganisha miji yetu, kutoka Homa Bay mpaka Migori, kwa miaka thelathini ijayo, nilifunga cherehani nikacheza nje ya duka. Wateja walidhani nimepatwa na kitu. Mama hakucheza, nyonga yake ilikuwa imeshaanza kumsumbua, lakini alienda jikoni akasimama mbele ya ule ukuta akautazama mstari wako.

Kisha ukaja na zile fomu. Ulikaa kwenye benchi la wateja wangu, ukanieleza kwa subira, kama vile mimi nilivyokufundisha kufunga kamba za viatu. Ofisi ilitaka kujua ni watu wangapi wanaosafiri kutoka kila mahali, na kwa Kisegi ulitaka mtu unayemwamini aketi penye njia panda kuanzia alfajiri hadi jioni. Nilifurahi kuitwa mtu unayemwamini. Anayepanda gari, nimwandike: ametoka wapi, anakwenda wapi, atarudi lini. Anayetembea kwa miguu, nimwache. Na siku ukanichagulia wewe mwenyewe, siku ya katikati ya wiki, isiyo na soko wala mazishi.

Nilikuuliza kwa nini isiwe siku ya soko. Ukaniambia, "Nyamera, mpango wa miaka thelathini haujengwi juu ya siku ya soko. Kila mahali tunahesabu siku ya kawaida." Kabla hujaondoka ulipigilia kigingi chenye kichwa chekundu kando ya njia panda, ukasema hapo ndipo basi litakaposimama. Mama Achieng', anayeuza omena, alihamisha meza yake siku hiyo hiyo ili awe karibu nacho.

Nilihesabu kama ulivyonifunza. Wewe unajua gari letu la abiria ni lile moja la asubuhi. Likijaa limejaa, anayebaki ni pikipiki au miguu yake. Basi siku nzima niliwatazama watu wakipita mbele yangu, wengine na mizigo, wengine na watoto mgongoni, na kalamu yangu imelala. Mama Achieng' alipoona nina karatasi za ofisi, aliacha Kiluo akaanza kuniongelesha Kiswahili, kana kwamba nimegeuka afisa. "Sasa mimi si mtu? Nimetembea hii barabara tangu nikiwa msichana. Andika mimi bana. Gari ikikuja nitapanda!" Wenzake wakacheka, wakapanga foleni kabisa, wote wakitaka kuandikwa. Niliwakatalia. Niliwaambia tusidanganye, Otieno ndiye anayechora, atatukumbuka. Fomu zilirudi kwako zikiwa nyepesi, na mimi nilijisifu kwa uaminifu wangu.

Siku ya maoni ya wananchi tulikuja ukumbini wanawake sita, tumevaa vitenge vipya nilivyoshona mwenyewe. Ramani yako ilijaa ukuta mzima. Mstari wa kijani ulishuka kutoka Homa Bay, ukapita Rodi Kopany na Rongo mpaka Migori mjini, mnene, na matawi yake huku na huku. Nilitafuta Kisegi. Tulikuwa pembeni, kwenye nukta za kijivu, na chini yake maandishi: awamu ya mwisho, iwapo abiria watatosha. Awamu ya mwisho ni mwisho wa ile miaka thelathini, Otieno. Nilimfikiria mama na nyonga yake. Mama Achieng' akanigusa bega akaniuliza sisi tuko wapi hapo.

Hata hapo nilikutetea. Njiani kurudi niliwaambia wenzangu hesabu ni hesabu, ndugu yangu hakuwa na la kufanya. Wiki mbili baadaye nikaenda Rodi Kopany kununua vitambaa kwa Bwana Salim, yule mzee wa Mombasa unayemfahamu. Nikamsimulia. Akaweka mkasi chini. "Mama, nani amekwambia siku ya kawaida? Hapa walikuja siku ya soko, tena soko kubwa. Mimi mwenyewe niliwapa viti wakae. Na huyo ndugu yako alikuwapo, akanywa chai hapa hapa ulipokaa."

Sikununua kitambaa siku hiyo. Nilipanda gari mpaka Homa Bay, nikakungojea nje ya ofisi yako, ukatoka ukanikuta. Hukukana, hilo nakubali. Ulinivuta pembeni ukasema, "Nyamera, elewa. Kama ningechora laini nene mpaka mlangoni kwetu, wangesema nimependelea nyumbani. Hiyo ndiyo wanangojea. Hii kazi ningeipoteza." Nikakuuliza, kwa nini basi ulinituma mimi? Ukarudi ndani ya ofisi. Nikajijibu mwenyewe nikiwa kwenye gari la kurudi: mgeni angewaandika wale wanawake. Au angalau angeuliza wenzake wa Rodi walihesabu siku gani. Ulihitaji mtu ambaye hatauliza mara mbili kwa sababu anakupenda.

Hapo ndipo panaponiuma. Ungeniambia ukweli, kwamba unaogopa, ningekuelewa. Ningekasirika, ningekutukana, kisha ningekupikia. Lakini ulichukua heshima yangu penye njia panda ile ukaitumia kusafisha jina lako, na sasa ninashona nguo za watu ambao niliwazuia kwa mkono wangu kuandikwa. Hawanisemi kwa ubaya. Mama Achieng' amefunga mbuzi wake kwenye kigingi chako, na akiniona ananisalimia vizuri tu. Afadhali angenitukana.

Nilimweleza mama yote. Kisha nikachanganya udongo, nikaingia jikoni kuukandika ule mstari wako uishe. Aliinuka kwa fimbo yake, akanishika kiganja. Alinishika tu mpaka nikauacha udongo ukaanguka. Nilimkasirikia na yeye pia siku hiyo, nakuambia ukweli.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili linakuhusu kazini. Tangazo lenu linasema maoni bado yanapokelewa kabla mpango haujapitishwa. Siku ya soko iliyopita nilifunga duka nikaketi penye njia panda tangu alfajiri. Nilitoa nakala za fomu yako, nikaongeza safu moja kwa rula: anayetembea kwa kukosa gari. Wanawake waliandikwa wote, na hakuna hata mmoja niliyemwongeza. Karatasi ziliisha kabla ya adhuhuri, nikaendelea kwenye daftari la vipimo vya wateja. Kesho ninazipeleka mwenyewe, nikiambatisha maelezo ya siku gani ilihesabiwa wapi, na jina langu chini. Najua zitapita mezani kwako. Najua pia zinaweza kukuharibia. Nimelala na jambo hilo siku kadhaa, na bado nitazipeleka.

Lakini kuna karatasi moja nataka uisome kabla ya mwingine yeyote, nayo nimeikunja ndani ya barua hii. Karibu na saa tano nilimwona mama akija barabarani, hatua moja moja, amevaa gauni lake la kanisani. Sikumwita mimi. Alijiunga na foleni nyuma ya Mama Achieng', akakataa kupewa nafasi ya mbele. Ilipofika zamu yake nilianza kumsemesha kwa Kiluo kama siku zote, akatikisa kichwa. Alitaka lugha ya ofisi. Maishani mwangu mama hajawahi kuniongelesha Kiswahili.

Nikamuuliza kama fomu inavyotaka. Umetoka wapi? "Kisegi." Unakwenda wapi?

"Homa Bay. Kuona mtoto yangu."

Utarudi lini?

Aliiegemea fimbo, akanitazama nilivyoshika kalamu. "Hiyo swali," akasema, "uliza yeye."

Nafasi hiyo nimeiacha wazi. Kalamu unazo.

Kwaheri, na mstari wako ukutani bado upo.

Dada yako,
uliyemwamini