Kwa Nini Sirudi Jumamosi

Mpepai, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona na unashuka tena ufukweni mwenyewe. Mimi ni mzima, ila viganja vimeota sugu na baridi ya asubuhi ya huku bado inanishinda.

Ujumbe wako nimeusoma kwenye simu ya baba mdogo. Unasema muuza dagaa wa usipa aliyepita huku amekueleza kwamba nalima mashamba ya watu huku mdogo wako amekaa, na unataka Jumamosi nipande gari nirudi. Sikupiga kwa sababu simu ya nyumbani husikilizwa na wote, na mimi mbele ya kaka nisingeweza kuyasema haya. Barua hii nampa mwalimu wa shule ya hapa, anayeshuka huko Liuli kwa wakwe zake. Mama mdogo ameniruhusu kukueleza.

Muuza usipa amesema kweli. Nimelima, na mama mdogo alikaa. Sababu hakuijua.

Aliposafiri kwenda Dar es Salaam uliambiwa anatibiwa tumbo, na wanawake wa hapa waliambiwa hivyohivyo. Halikuwa tumbo. Alifanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti. Bila shaka unakumbuka jipu alilopata akimnyonyesha mtoto wake wa kwanza. Titi la kushoto lilisinyaa tangu wakati ule, na miaka yote hii amekuwa akikunja kipande cha kanga na kukiweka ndani ya sidiria kila anapokwenda kanisani. Alichoka na hiyo kanga. Pesa ilikuwa ya kahawa yake mwenyewe. Baba mdogo alimwambia, "Mimi sijawahi kulalamika." Akamjibu, "Najua. Niliyelalamika ni mimi."

Daktari alimkataza kwa wiki sita kuinua kitu kizito au kunyanyua mikono juu ya mabega. Lakini mvua haikungoja, na msimu wa ngolo ukafika. Kwetu ziwani hatuna kilimo hiki. Hapa wanaume hufyeka nyasi mlimani na kuzipanga kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Mwanamke husimama katikati ya kila mraba, akachimba na kuzifunika nyasi kwa udongo pande zote nne, kisha maharage hupandwa juu ya huo udongo. Linabaki shimo la kukamata maji. Wanawake saba huchimba pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Asiyekwenda kwa wenzake hachimbiwi, labda alete mtu badala yake. Mama mdogo alinileta mimi.

Sikuwa msaada mkubwa. Nilitupa udongo upande mmoja tu, kingo zikabomoka. Oliva, jirani yetu, alisimama kuniangalia. "Huyu wa ziwani anachimba au anapiga kasia?" Wote wakacheka. Mama Kanisia, kiongozi wao, alinirudisha kwenye shimo lilelile mara nne. Nikainama, nikachimba upya. Unanijua.

Wiki ya tano tangu upasuaji, zamu ikawa ya shamba letu. Mama mdogo alikaa pembeni akiona wenzake wakitoka jasho kwa ajili yake, na mimi nikibomoa. Mwishowe akasimama.

"Lete jembe nikuonyeshe moja tu."

Nilimpa, Mama. Hilo ni kosa langu. Pigo la kwanza na la pili alipiga vizuri. La tatu jembe lilibaki chini, naye akajishika kwapani, palipopasuliwa.

"Jamani," Oliva alisema, "tumbo lako liko kwapani?"

Walicheka tena. Mama mdogo alitaka kuliinua tena jembe, ili waache kucheka. Hapo nikasema kwa sauti, "Asichimbe. Si tumbo, ni kifua. Daktari alisema wiki sita." Nilinyang'anya jembe. Sijawahi kumnyang'anya mtu mzima kitu.

Mama mdogo akawageukia. "Nimeongeza matiti. Haya, semeni."

Mama Kanisia alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Na novena yote ile ya siku tisa tuliyoisali kwa ajili ya tumbo lako? Tuihamishie wapi sasa?" Safari hii hata mama mdogo alicheka, akijishika. Kisha Mama Kanisia akampa bakuli la maharage. "Kazi yako ni kutia mbegu. Oliva, chimba, jua limepanda."

Kesho yake tulikwenda hospitali mjini Mbinga. Kidonda kilikuwa kimefunga, ila msuli wa kuinulia mkono ulivutika, wakamwongezea wiki mbili. Wiki hizo zilikwisha juzi. Alianza na jembe la mpini mfupi, akachimba mashimo mawili, akaacha mwenyewe kabla ya la tatu.

Yamebaki mashamba mawili, la Oliva na la Mama Kanisia, na wote wawili wameshatuchimbia. Nikiondoka, mama mdogo atakwenda mwenyewe na kuchimba kutwa nzima, maana hatakubali tena kukaa. Hakuniomba nibaki. Ujumbe wako ulipofika alinifungia mzigo, akatia na maharage yako. Nimeufungua. Jumamosi sitakuwamo garini. Kingo zangu sasa hazibomoki.

Nisalimie bibi, mwambie soksi zake navaa kila usiku. Msalimie kaka na mkewe, na mjomba mtengeneza nyavu.

Jambo la mwisho, Mama. Wanawake wa hapa wamejua, na mama mdogo anapita mbele yao bila wasiwasi. Anayemwogopa ni wewe. Ameniuliza mara tatu, "Dada atasema nini?" Tafadhali mpigie ukiwa peke yako. Habari ya tumbo usiitaje. Muulize mkono unaendeleaje, naye ataelewa.

Mimi mwanao,
Agripina