Maji ya Chini ya Yadi

Unyambwa, Singida
6 Desemba 2023

Dada Eliza, shikamoo. Sisi wazima, ila mama anakohoa. Habari za Dodoma na hiyo maabara yenu?

Boksi nimempa kondakta, lina chupa mbili. Yenye uzi mwekundu nimeichota kwenye mtaro wa mjini kabla haujafika kwa Gasto, yule mvunja betri chakavu. Yenye uzi mweusi ni ya chini ya yadi yake, mtaro unapoingia kwenye kijito chetu. Nilichota mvua ilipoanza tu, kama ulivyonifundisha. Jirani yetu Mughwai amezika ng'ombe wa tatu. Wote walikuwa wakinywa hapo.

Gasto ameniona. Kasema, "Ukirudi na vichupa vyako, nakuvunja."

Mdogo wako,
Amosi

Dodoma
15 Desemba 2023

Marahaba mdogo wangu. Mimi mzima. Mama apelekwe hospitali, msisubiri.

Chupa ya juu haina shida kubwa. Ya chini ina madini ya risasi mara arobaini ya kiwango kinachoruhusiwa. Yanaua ng'ombe, na watoto yanawaharibu akili. Nahitaji maji ya mvua moja nyingine, kisha napeleka ripoti serikalini. Usiende peke yako. Na Mughwai usimwambie, hasira zake unazijua.

Dada yako,
Eliza

Unyambwa
3 Januari 2024

Shikamoo dada. Mama hajambo sasa.

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Nilikwenda peke yangu. Gasto alinikuta nimeinama mtaroni, akanipiga nondo mkono wa kulia mpaka mfupa ukatokeza. Akanikanyaga kichwa ndani ya yale maji. Mlinzi wake, mzee Emilian, ndiye aliyemvuta, akanifunga mkono kwa shati lake.

Mughwai alipokuja kunipa pole nilimwonyesha barua yako.

Mdogo wako,
Amosi

Dodoma
8 Januari 2024

Amosi, pole sana. Nimelia mbele ya wenzangu. Lakini barua umemwonyesha ya nini? Ripoti inakwenda wiki ijayo kwa chupa zile za kwanza tu. Mughwai akishika panga, kimbia ukaite polisi.

Dada yako,
Eliza

Unyambwa
17 Januari 2024

Shikamoo dada.

Jumapili mchana walikwenda watu kama ishirini. Na mimi nilikwenda. Gasto alisharuka ukuta. Wakamwagia betri petroli, yadi ikawaka. Kwenye moshi akatokea mtu, nikapiga kelele, "Huyo hapo!" Mughwai akamkata shingoni, wengine wakammalizia kwa mawe. Tulipomgeuza alikuwa mzee Emilian.

Watu wameapa kunyamaza. Jana mvua ilinyesha, nikachota maji, nimempa kondakta pamoja na barua hii. Sijui hata kwa nini.

Amosi

Dodoma
24 Januari 2024

Amosi,

Leo salamu sina. Maji uliyotuma ni mabaya mara tatu ya yale ya kwanza. Majivu ya betri yote yameteremka kijitoni. Waambie watu wasichote. Jumamosi nakuja, twende polisi wote wawili. Ukikataa, barua yako nitaipeleka mwenyewe.

Eliza

Singida mjini, mahabusu
26 Januari 2024

Dada, shikamoo.

Sikukungoja. Nimemtaja Mughwai, nikajitaja na mimi. Mke wa mzee Emilian alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Akaniuliza, "Wewe ndiye yule wa mkono?"

Kesho ukishuka stendi usije kwangu. Kabla sijaondoka niliwaambia watu habari ya majivu, wakanizomea. Wanasema Gasto hayupo, maji yamepona. Nenda kawazuie. Mama naye nimemwacha anajaza madumu.

Mdogo wako,
Amosi